Moyo Umenituma

Katika safari zetu za mwaka huu tulifika Kwamkoro, katika milima ya Usambara ya mashariki, pande zile zipandwazo kutoka Muheza kwenda Amani. Aliyepata kupita huko ajua jinsi palivyo. Chai imekatwa sawasawa kama mkeka, na chai ikomapo msitu waanza, mrefu na wenye giza. Ukungu ukishuka alasiri huwezi kutambua mpaka wa kimoja na kingine. Tulikaribishwa nyumbani kwa mchuma chai mmoja, mtu mzima mwenye watoto watano, na baada ya chakula tukaulizwa swali ambalo hatukuwa na jibu lake tayari. Tuliahidi kulijibu gazetini, na leo twajaribu.

Swali lenyewe ni hili. Binti yake wa pili, aliyemaliza kidato cha nne, amewaambia wazazi kwamba ataka kuingia utawa. Alisema hivyo jioni moja wakati wa kuosha vyombo, bila kutanguliza neno, na tangu siku ile nyumba imegawanyika, ingawa kwa upole. Baba asema ni hamu ya kupita. Bibi mzaa baba asema ni deko la msichana aliyezoea kusikilizwa. Mama asema huenda ni wito. Binti mwenyewe, alipoulizwa mbele yetu, alitazama chini akasema maneno mawili tu: “Moyo umenituma.” Basi baba akatugeukia: “Ndugu mhariri, ninyi mwaandika kila juma juu ya mambo haya. Je, hili tuliite nini?”

Kabla hatujafungua kinywa, mama alicheka. Akasema, bila ya hasira, kwamba maneno yale alikwisha kuyasikia katika nyumba ile, na siku hiyo hakuyasema binti. Miaka sita iliyopita mumewe alishuka Muheza siku ya mshahara ili anunue sare za shule na madaftari, akarudi jioni amebeba redio kubwa yenye spika mbili. Alipoulizwa sare zi wapi, alijibu, “Mama watoto, moyo umenituma.”

“Nami nikamwuliza,” akasema yule mama, “moyo ulikutuma, haya, na miguu ilitumwa na nani?”

Mume alicheka pamoja nasi, lakini tuliona kwamba aliinamisha macho. Binti huyu huyu alikuwa mmoja wa wale waliokwenda shule muhula mzima na sare ya zamani, fupi, yenye kiraka mgongoni.

Tangu tulipoondoka huko, jambo hili halikututoka akilini. Watu wawili wa nyumba moja wametumia maneno mamoja kwa mambo mawili: mmoja kwa redio, mwingine kwa maisha yake yote. Ama mambo hayo mawili ni ya jamaa moja, na baba ana haki ya kumtilia binti shaka kwa kuwa yeye mwenyewe ajua udanganyifu wa moyo. Ama si ya jamaa moja, na maneno ndiyo yaliyofanana tu. Kujua lipi ndilo, yatupasa kwanza tujue majina ya vitu vinavyozuka moyoni. Huko Amani, jirani ya Kwamkoro, mtaalamu mmoja wa mimea, P. J. Greenway, aliyakusanya majina ya Kiswahili ya miti na majani, na kufikia mwaka 1940 kamusi yake ilikuwa imekwisha pigwa chapa. Kila mtu aona faida ya kazi kama hiyo, maana anayekosea jina la jani aweza kunywa sumu badala ya dawa. Lakini vitu vya moyoni twaviita ovyo, jina lolote lililo karibu, kisha twashangaa kwamba dawa haikufaa.

Tuanze na hamu, kwa kuwa ndilo neno alilolichagua baba. Asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya shughuli ya moyo, wasiwasi, jambo lisilomwacha mtu atulie. Kwetu limekuwa laini zaidi. Mgonjwa akipata nafuu twasema hamu ya chakula imemrudia, na mtoto aliye bwenini ana hamu ya kumwona mama yake. Hamu haina ubaya, wala haina wema pia. Ni dalili ya uhai. Ikishibishwa huisha, na isiposhibishwa mara nyingi huisha vilevile. Uchu si hamu. Mtu ana uchu wa nyama baada ya siku nyingi za mboga, na mwenye uchu hachagui nyama ya nani wala imepikwa wapi. Shauku ni mbali na vyote viwili: ni ya kitu kimoja kilichojulikana, nayo huweza kukaa miaka. Hatujapata kusikia mtu akisema ana shauku ya maji, kwa maana kiu chatosha. Lakini mtu husema ana shauku ya kuiona nchi aliyozaliwa baba yake, na kusema hivyo hata akifikia uzee.

Neno tamaa latupa shida kubwa zaidi, na hapo tutakaa kidogo. Mahubiri mengi yamelifanya jina la dhambi, nasi hatupingi. Lakini mtu aliyepoteza matumaini twamwambia nini? Twamwambia, “Usikate tamaa.” Kama tamaa ingekuwa uovu mtupu, kuikata kungekuwa fadhila, na mwenye kukata tamaa angekuwa mtakatifu. Kumbe lugha yetu yajua jambo ambalo sisi twalisahau: nguvu ile ile inayomfanya mtu amtazame ng'ombe wa jirani kwa jicho baya ndiyo inayomwamsha alfajiri kwenda shambani kwake mwenyewe. Ukiing'oa yote hutabaki na mtu mwema. Utabaki na mtu aliyelala.

Liko neno lingine ambalo siku hizi lasikika zaidi vinywani mwa wazee wa pwani kuliko penginepo, nalo ni hawaa. Hawaa ni tamaa iendayo ipendako, isiyo na sababu nje ya yenyewe. Mtu anayefuata hawaa ya nafsi yake, ukimwuliza kwa nini, atakujibu kwamba amependa tu. Wanaojua Kiarabu hutwambia kwamba shina la neno hilo ndilo lililozaa pia neno hewa. Hatushangai. Upepo wa Kwamkoro huvuma asubuhi kutoka upande huu na jioni kutoka upande mwingine, na hakuna anayeuuliza hoja zake. Mwenye hawaa moja huitwa mpumbavu wa siku ile. Mwenye hawaa kila siku huitwa kigeugeu, na hilo si jina la tendo tena, ni jina la mtu.

Na deko, alilolisema bibi? Deko lahitaji watu wawili. Mtoto hadeki porini peke yake. Hudeka mbele ya yule anayejua kwamba atamvumilia. Kwa hiyo kumwambia mtu kwamba adeka ni kusema kwamba kitu anachokiomba sicho akitakacho: ataka kuombwa, kubembelezwa, kuonwa. Bibi ni mwanamke mwenye akili, na swali lake si dogo. Tulimtazama binti tukajiuliza kama alikuwa akitazama pembeni ili aone nani amemsikia. Hatukuliona hilo, lakini tulikuwa wageni wa saa tatu tu.

Wengine watasema kwamba haya yote ni mambo ya nyumbani, redio na wasichana, na kwamba mambo makubwa ya dunia huendeshwa kwa mashauri. Heri ingekuwa hivyo. Milima ile ile ya Usambara ya mashariki ina ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani waliupanda mlima, wakaiona miti mikubwa isiyopata kuonwa nao, wakafikiri moyoni: udongo unaolea miti kama hii utalea chochote. Wakafyeka, pande za Derema na kwingineko, wakapanda kahawa. Kahawa ilisitawi kidogo kisha ikadhoofika, maana udongo wa msitu ule umekwisha kuoshwa na mvua za miaka mingi, na utajiri wake ulikuwa katika miti yenyewe na majani yaliyooza chini yake, si katika ardhi. Jambo lile hatuwezi kuliita pupa, kwa kuwa walifanya kazi kwa miaka na kwa uvumilivu. Wala si hawaa, kwa kuwa walikuwa na hoja. Jina lake ni njozi: waliona kitu ambacho hakikuwapo, na kwa kuwa kilikuwa kizuri hawakuchimba chini kukitafuta.

Pupa ni kitu kingine, na nchi yetu yaijua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Matingatinga yalifika, treni zikajaa vyuma, na yote yalifanywa kwa mbio kabla mvua na udongo wa mahali hapajapimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamekwisha zama. Hao walikuwa na mpango mkubwa, wenye vitabu na hesabu. Basi si kweli kwamba pupa ni kukosa mpango. Pupa ni mpango unaomezwa kabla haujatafunwa, na ndiyo maana wazee walisema kwamba mla kwa pupa hadiriki tamu. Na tena, katika miaka ya 2003 na 2004, iliposemwa kwamba dhahabu imeonekana katika vijito vya Usambara, watu wengi waliacha majembe yao wakaenda kupekua vitanda vya mito ambayo maji yake hunywewa na watu walio chini. Wengi wao hawakuwa waovu. Jirani amekwenda, nami niende. Asubuhi neno halikuwapo, na jioni lilikuwa limejaa kijiji.

Neno lililokuwapo katika visa vyote hivi ni ghafla. Ghafla alitaka redio. Ghafla binti akasema. Ghafla watu wakaenda mtoni. Lakini tulitazame neno hili kwa makini. Ndugu yake ni kughafilika, nako kughafilika ni kutokuwa macho, kusahau, kupitiwa. Katika Kiarabu, ambako yote mawili yametoka, ghafla si jina la mwendo wa kitu kinachokuja. Ni jina la hali ya yule anayejiwa, aliyeghafilika. Kwa hiyo tunaposema kwamba tamaa ilinijia ghafla, twadhani kwamba tumeeleza jinsi tamaa ilivyo na mbio, kumbe tumekiri kwamba mlinzi alikuwa amelala. Baba yule, tulipomwuliza kwa upole, alikumbuka kwamba miezi mitatu kabla ya siku ile alikuwa akisimama kila mara mbele ya duka lile la Muheza akisikiliza. Hakumwambia mtu. Hakujiambia hata mwenyewe. Redio ilikuwa imekwisha nunuliwa moyoni kabla ya mshahara kulipwa, na siku ya mshahara ilikuwa ni siku ya kwenda kuichukua tu.

Tena, hebu msomaji asikilize jinsi tunavyosema. Nimeshikwa na hamu. Nimeingiwa na tamaa. Nimepandwa na jazba. Nimepatwa na wazimu. Shetani amenipitia. Katika maneno haya yote mimi ni mti na kitu kingine ni shoka. Mimi sitendi, natendwa. Kisha sikiliza upande wa pili: nimenuia, nimekusudia, nimeazimia, nimekata shauri. Hapo kisu kiko mkononi mwangu. Lugha haikukosea kufanya pande mbili, kwa sababu ni kweli kwamba yako mambo yanayotujia bila kuitwa. Wataalamu wa maadili wa Kanisa walilitambua hilo zamani: mwendo wa kwanza wa moyo, kabla akili haijauona na utashi haujaukubali, hauhesabiwi kuwa dhambi. Kila mtoto wa mafundisho ajua kwamba kishawishi si dhambi. Kosa letu ni kwamba twaazima sarufi ya upande wa kwanza ili kueleza matendo ya upande wa pili. Kutamani redio dukani kulimjia. Kufungua mfuko, kuhesabu noti, kulipa, kuubeba mzigo ule mpaka kituo cha magari na kupanda nao mlimani hakukumjia. Swali la mama juu ya miguu ni swali la wataalamu hao, ila yeye alilipata bila kwenda seminari.

Na katika maneno yote hayo hakuna lenye ujanja kama hili la kutumwa. Anayesema “moyo umenituma” amejifanya mjumbe, na mjumbe hauawi. Asiyeridhika aende akamlaumu aliyetuma. Lakini kitenzi hicho cha kutuma kimezaa majina mawili yasiyokaa kiti kimoja. Anayetumwa kwa heshima, akiujua ujumbe wake na kuukubali, ni mtume. Anayetumwa bila kuulizwa, akaenda kwa kuwa hana njia nyingine, ni mtumwa. Baba na binti wametumwa wote wawili. Ni nani kati yao alikuwa mtume, na nani mtumwa, hilo maneno yao hayawezi kutwambia.

Hatutaki msomaji adhani kwamba twasifu kupima tu na kuchelewa. Wahenga waliosema kwamba haraka haina baraka ndio hao hao waliosema kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Mtu aonaye mtoto akiangukia mtoni na kukaa kupima nia yake hatumwiti mwenye busara. Mwaka 386, katika bustani mjini Milano, Agostino alisikia sauti ya mtoto ng'ambo ya ukuta, akaichukua kuwa ni amri kwake, akafungua kitabu, na maisha yake yakageuka saa ile. Atakayesema kwamba hilo lilikuwa hawaa ya ghafla asome miaka iliyotangulia: mtu yule alikuwa amehangaika muda mrefu, na sauti ilimkuta macho, si ameghafilika. Tunda lililoiva huanguka kwa mguso mdogo.

Huruma nayo? Wengi hutoa sadaka kwa kuguswa ghafla, na twapenda kuwaona watu wakiguswa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu aliyefariki mwaka 1274, alifundisha jambo ambalo mara ya kwanza huudhi: kwamba tendo la mapendo lililofanywa kwa hukumu ya akili lina sifa zaidi kuliko lile lililofanywa kwa kuguswa na huruma peke yake. Sisi tuliudhika. Lakini tazama: aliyesukumwa na huruma leo atasukumwa na uchovu kesho, na maskini atakula leo tu. Tomaso hakusema kwamba huruma iondolewe; alisema pia kwamba moyo ukiifuata akili, tendo huwa jema zaidi, kwa kuwa mtu amekwenda mzima, si nusu yake. Twakiri kwamba kwa hili twamwelewa Tomaso kwa akili, huku moyo wetu ukiendelea kumpenda zaidi yule anayetoa shilingi yake bila kufikiri. Labda hiyo nayo ni hawaa yetu.

Basi mtu atapimaje? Wa kumwuliza ni yule askari wa Loyola, Inyasi. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona, akalazwa nyumbani kwao miezi mingi. Aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi, havikuwapo, akapewa maisha ya Kristu na ya watakatifu. Alipokuwa amelala, mawazo mawili yalimjia kwa zamu. Mara alijiona akimtumikia bibi mmoja mkubwa kwa matendo ya ushujaa, na saa zikapita kwa utamu. Mara alijiona akienda Yerusalemu bila viatu, na hilo pia lilikuwa tamu. Yote mawili yalikuwa ni njozi za mgonjwa, na katika saa ya kuja kwake hakuna aliyeweza kuyatenganisha. Tofauti aliiona baadaye. Wazo la kwanza lilipoondoka lilimwacha mkavu na hana raha. La pili lilipoondoka lilimwacha na furaha iliyobaki. Hakupima ukali wa tamaa, kwa kuwa tamaa mbaya yaweza kuwa kali na njema yaweza kuwa kimya. Alipima kilichobaki kitandani baada ya wazo kuondoka.

Hapa msitu wa Kwamkoro watusaidia tena, ingawa kwa njia tusiyoitazamia. Mhesi si mti wa huko. Ni mti wa pande za Bukoba, Uganda na Kongo, ulioletwa Amani na wataalamu wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na baadaye ukapandwa hata Kwamkoro mahali palipokatwa miti ya mbao. Haukuletwa kwa hawaa. Waliouleta walikuwa na kusudi zuri, kwa maana mhesi hukua upesi. Hondohondo wakala matunda yake, wakazitawanya mbegu kila mahali. Lakini mbegu haikuota kila mahali sawasawa. Penye msitu mzima, wenye kivuli kamili, mhesi ulipata shida. Penye pengo, mti mkubwa ulipoanguka au kukatwa, uliruka juu ukatawala. Hondohondo hawezi kuzuiwa kuruka, na hakuna anayemlaumu. Wazee husema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Kwa baba yule tuliuliza kimyakimya: mwaka ule wa redio, pengo lilikuwa wapi? Naye, kana kwamba amesikia, alitwambia kabla ya kulala kwamba mwaka ule ndugu yake alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa kimya mno jioni.

Maneno yale yalitugeuza. Tulikuwa tumekwisha kumweka katika kapu la wenye uchu, na kumbe alichokitafuta dukani hakikuwa mbao na nyaya. Sare za watoto bado zilikuwa deni, na kosa lilikuwa kosa; mkewe halibadilishi hilo wala sisi hatulibadilishi. Lakini kama siku ile mtu angemwuliza jina la kile kilichomshika, na yeye akasema “huzuni” badala ya “moyo umenituma”, huenda angekwenda kwa rafiki badala ya kwenda dukani.

Asubuhi tulizungumza na baba na mama pamoja. Tuliwaambia kwamba hatuwezi kulipa jina lile lililozuka kwa binti yao, wala padri hawezi kwa siku moja, wala binti mwenyewe. Kwa baba tulisema kwamba neno “hamu ya kupita” ni utabiri, si jina. Aliyesema kitapita sharti akiachie nafasi ya kupita au kutopita. Kwa mama tulisema kwamba neno “wito” ni zito kuliko mtoto wa miaka kumi na minane, na kwamba mzazi anayelitaja mapema mno humfunga mtoto kwa sifa, ili asiweze kurudi bila aibu. Bibi alitusikiliza kutoka mlangoni. Alisema, “Na mkimwacha asubiri bila kumtazama kila saa, mtajua kama ni deko.” Hatukuwa na la kuongeza.

Wakapatana hivi: binti arudi katika chai na wachumaji wenzake, asiulizwe neno na mtu, wala asisifiwe wala asichekwe, mpaka mvua za vuli. Zikinyesha, naye akiwa bado asema alilolisema, baba atauza mbuzi wawili na kumpeleka mwenyewe kwa masista. Tulipokuwa tukiaga, redio ilikuwa ikisema habari za asubuhi, na mama alikuwa ameisogelea akiosha mchele. Alituona tunaitazama akasema kwamba siku hizi ni yeye anayeisikiliza zaidi. Binti alikuwa amekwisha kwenda shambani na kikapu mgongoni. Tuandikapo haya, mvua za vuli bado hazijanyesha.